Kuku kwenye Kiti cha Foklifti

Kuku alikuwa ameatamia juu ya kiti cha foklifti mbovu, na klachi iliyotafutwa mji mzima ilikuwa chini ya kiti hicho.

"Mkimwinua, mayai yatapoa," alisema mama mwenye uwanja wa vyuma chakavu. "Hapo siuzi kitu."

Fundi alimtazama shemeji yake, dereva, aliyeshika pleti ya klachi iliyoungua, nyeusi kama chungu. Ilikuwa ya tatu kuiunguza. Mguu wake ulijulikana bohari nzima: aliachia klachi kwa kishindo mpaka mizigo ikaruka. Foklifti yake ya kunyanyulia mizigo boharini isipotembea kesho, tajiri ataiuza, na dereva atabaki hana kazi.

Fundi akafungua boliti za kiti mojamoja, kuku akimkodolea jicho.

"Shika huko, shemeji. Tunakibeba hivyo hivyo, na mwenyewe juu."

Wakakiinua. Dereva alirudi kinyumenyume, akishusha unyayo polepole, midomo ikinong'ona dua. Kiti kilitua kivulini bila sauti. Kuku akafumba macho.

Fundi hakuyatazama mayai. Alitazama miguu ya shemeji yake.

"Kumbe mguu huo una adabu," akasema.