Mayai Kumi na Manne

Seline alimenya yai la kumi na nne wiki hiyo, akaliweka kando ya mwenzake na samaki aina ya ngege wa kukaanga, akaisukuma sahani mbele ya mumewe. Kisha akasimama kuangalia. Safari hii kidonda kingesikia kweli?

Kilikuwa kidonda cha mguuni, juu kidogo ya kifundo, na kilikuwa kimetimiza miezi miwili. Nesi wa kliniki hakuzunguka maneno: nyama mpya hujengwa na chakula, bendeji inafunika tu. Mayai mawili kila siku, samaki, maharagwe, mapera. Aliandika yote kwenye karatasi. Ijumaa kikiwa hivyo hivyo, ni hospitali kubwa, na huko wanakata.

Na Ijumaa ilikuwa kesho.

Seline hakuwa mtu wa kumpuuza nesi. Aliagiza samaki kutoka Dunga, akawafuata kuku wake mpaka chini ya ghala kutafuta mayai. Mzee Absalom naye alikula kama aliyeapishwa. Mashavu yaling'aa. Suruali ya kanisani ilikataa kifungo. Kidonda tu ndicho kilichobaki kimekodoa macho.

"Mama Frankline," Absalom alisema, akitoa mwiba mdomoni, "huo mguu ukikatwa, mimi nimekwisha."

"Kula, Baba. Usiache kichwa."

Yeye Seline alikwisha kula jikoni, kama mama yake na nyanya yake walivyokula: ugali na mchuzi uliobaki kwenye sufuria, mguu mmoja ameuegemeza juu ya jerikeni.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Agneta, mhudumu wa afya wa mtaa, mgeni kabisa hapo Nyamasaria. Nesi alikuwa amemtuma akaone kwa macho yake kinachoendelea katika nyumba hiyo. Alikaa, akaitazama sahani, akamtazama Absalom.

"Mzee, unakula hivi kila siku?"

"Kila siku. Mimi sichezi na maneno ya nesi."

"Humpi mtu? Hata paka?"

"Paka alihama Jumanne," Absalom alisema. "Aliona hapa hakuna kitu chake."

Agneta alimgeukia Seline. "Na ni kweli, Mama?"

"Mimi ndiye napika, mimi ndiye naosha sahani. Hakirudi hata kipande."

Agneta alisoma ile karatasi upande mmoja, akasoma upande wa pili, ambao haukuwa na kitu. Akatikisa kichwa.

"Basi kitendawili," alisema.

"Tega," Absalom alijibu, mdomo umejaa.

"Chakula kinaingia, kidonda hakifungi."

Absalom alitafuna akiwaza, akameza. "Hicho kimenishinda. Nakupa mji. Chukua Kisumu yote, pamoja na Migosi."

"Sitaki Kisumu, Mzee. Nataka kukiona hicho kidonda."

Absalom akanyoosha mkono kuchukua yai la pili.

Seline alifuta mikono kwa leso, akavuta kigoda, akakaa polepole. Akapandisha gauni mpaka gotini, akaanza kufungua bendeji kwenye mguu wake.

"Ndicho hiki," alimwambia Agneta. "Na Mzee amejitahidi kula, Mungu ni shahidi."