Spika za Dirishani

Karatasi ya spika ya kushoto ilikuwa imetoboka, na tundu lenyewe lilikuwa na umbo la kisigino.

Fundi alilipapasa kwa kidole, akamtazama mwenye nyumba. "Hii imepigwa teke, kaka."

"Nilijikwaa," mume alijibu upesi, kisha akamtupia jicho mkewe. Mke alikuwa amekaa kochini na glasi yake ya maji, mkono wa kulia umefungwa bendeji.

"Na shemeji naye alijikwaa?" fundi alitania.

"Mlango ulinibana," mke alisema.

Mume aliisogeza spika karibu na fundi.

Fundi alipiga magoti, akaziba tundu kwa karatasi nyembamba na gundi, tabaka juu ya tabaka. Gundi ilipokuwa ikikauka, alifuta vumbi kwa brashi laini na kukaza nyaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, maana zikipishana, sauti nzito hufifia. Kazi hii aliipenda. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia wateja neno lile lile, na leo alilirudia: spika ni kama mtu, inataka nafasi ya kupumua. Isogeze hatua moja kutoka ukutani, na wewe na spika zako mbili mkae kama mafiga matatu.

"Hapana," mume alisema. "Zisukume kule pembeni kabisa. Zitazame dirisha."

"Pembeni zitanguruma tu, kaka. Utasikia radi, muziki hutausikia."

Mume alimtazama tena mkewe. "Ziwe huko huko. Ila niambie jambo moja. Madirisha yakifungwa, mtu aliye nje atasikia nini?"

"Atasikia muziki."

"Muziki tu? Hata kama humu ndani kuna mtu… anaongea kwa sauti?"

Glasi ilimponyoka mke, ikapasuka sakafuni. Mume aliruka kama aliyeumwa na nge, akaanza kuokota vipande kwa mikono mitupu. Joto la adhuhuri lilikuwa kali, lakini shati lake la mikono mirefu lilifungwa vifungo hadi kooni. "Samahani," alisema. "Samahani."

Fundi alikusanya vifaa vyake. Alimsubiri mume aende kutupa vipande vya glasi, akamwinamia mke. "Shemeji, kama kuna tatizo, sema. Mimi si mtu wa maneno."

Mke alitabasamu kwa midomo tu. "Tatizo lilikuwa spika, fundi. Umeshatengeneza. Kwaheri."

Fundi hakufika hata mwisho wa mtaa. Nyuma yake madirisha yalifungwa, moja, mawili, matatu, kisha muziki ukalipuka. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisonya.

"Kumbe ni wewe uliyezitengeneza! Kila mchana ni hivi hivi. Leo ndiyo umetumaliza."

"Na hujawahi kusikia kitu kingine, mama?"

"Kitu gani? Muziki tu."

Fundi aligeuka kuitazama ile nyumba. Dada yake mkubwa aliolewa katika nyumba yenye redio kubwa. Siku alipotolewa humo akiwa amefunikwa shuka, majirani waliulizwa mmoja mmoja, na wote walisema walisikia redio tu. Wiki moja kabla ya hapo fundi alikuwa amekwenda kumsalimia, akaona jicho lilivyovimba, akanyamaza. Ya mume na mke hayaingiliwi, alijiambia. Tangu siku hiyo mama yao hakumtazama tena usoni.

Sasa alisimama barabarani, akafumba macho, akasikiliza kama anavyosikiliza mashine mbovu. Ngoma ilikwenda sawasawa. Chini yake kulikuwa na kishindo kingine, kisichofuata mdundo. Kikaja tena. Kisha sauti ya mtu, fupi, kama imekanyagwa.

Alitupa mkoba wa vifaa, akakimbia.

Kituo cha polisi hakikuwa mbali. Askari wa kike aliyekuwa mezani alimsikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye habari ya mkono wenye bendeji, askari alikuwa ameshavaa kofia yake. Wakatoka pamoja mbio. Fundi alikuwa akiomba kimoyomoyo, asijue hata anamwombea shemeji yule wa leo au dada yake wa siku zile.

Askari aligonga mlango kwa ngumi, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ulifunguliwa. Mke alisimama kizingitini, anahema, jasho linamtiririka, bendeji imelegea na kuloa damu.

"Usiogope, dada yangu," askari alimwambia, akamshika bega taratibu na kumvuta nje. "Umeshapona. Hatakugusa tena."

Mke alijifuta jasho. Fundi alipita ndani mbio, akavuka vipande vya kiti kilichovunjika, akazima mashine ya muziki. Nyumba ilinyamaza ghafla. Akageuka huku na huku, ngumi amezikunja, akimtafuta mume.

"Fundi," sauti ilinong'ona kutoka pembeni, nyuma ya spika, ambako mume alikuwa amejikunja, mikono kichwani, shati limechanika na mgongo wote umejaa majeraha mapya na makovu ya zamani. "Nakuomba, mwambie askari asimwache mke wangu arudi ndani."