Ukungu Uliozoea Dawa

Mpima maabara alikigeuza kisahani mara ya pili, kana kwamba macho yake ndiyo yenye kosa. Kijikaratasi chenye dawa kilipaswa kuufukuza ukungu. Badala yake ukungu ulikuwa umekifunika, wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga.

Makohozi yaliyooteshwa pale yalikuwa ya mama yake.

Hakungoja hata kuvua koti. Alimkuta baba yake shambani, pampu mgongoni, akipulizia vitunguu dawa ya ukungu kama afanyavyo kila wiki. Pembeni, lundo la vitunguu vilivyooza lilifuka mvuke. Kabla ya kuugua, Mama ndiye aliyekuwa akiligeuza kwa uma wa shambani ili liwe mbolea, vumbi lake likimwingia kifuani.

"Baba, acha kupuliza. Ukungu ulio kifuani mwa Mama umeshazoea dawa."

"Dawa ya shamba na ya hospitali, wapi na wapi?"

"Ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Ukungu uliozoea hii, ile unaicheka."

"Mkishasoma, hata kitunguu mnakisingizia!" Akageukia tuta lililofuata.

Kisu cha kuvunia kilikuwa kimechomekwa kwenye gunia. Mpima alikichomoa, akaushika mpira wa pampu, akaukata. Dawa iliwamwagikia miguuni, nyeupe kama maziwa.

"Una wazimu! Vitunguu vyote vitaoza!"

"Anayeoza ni Mama."

"Mimi ni baba yako. Niombe radhi."

"Siombi. Ukinunua mpira mwingine, nao nitaukata."