Mke wa Kukodi

Siku tatu mfululizo Gordon Obonyo alikuwa mtaani Obunga, kwenye vibanda vya mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayokaangwa, akimfundisha mwanamke kuwa mke wake. Si kwamba hakuwa na mke. Alikuwa naye, Maryanne, kijijini Rabuor, mzima kabisa, analima. Ila huyo alikuwa na kasoro moja: aliulizwa kama shamba liuzwe, akasema hapana.

Basi bwana mkubwa akaamua kukodi mwingine.

Eka zote nne zilikuwa zimeshapimwa. Mpimaji alipita katikati ya mahindi mabichi akizika bikoni za simiti za kuonyesha mipaka, ploti ishirini na nane, futi hamsini kwa mia, na Maryanne akapalilia akizizunguka kana kwamba hazipo. Wanunuzi walikuwa tayari. Kilichobaki ni bodi ya ardhi, na bodi haipitishi shamba la familia mpaka mke asimame pale na kusema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Gordon alitaka gari. Mtu wa miaka hamsini na moja, usukani hajawahi kuushika, na tayari ameshanunua miwani ya kuendeshea.

Aliyemtafutia mwanamke ni Dalmas, broka wa ploti, mtu ambaye angeuza hata choo cha jirani yake na jirani akiwa ndani. Mwanamke aliitwa Nasipwondi, mjane, mkaanga mifupa. Gordon alimkagua kama anayekagua kiti cha kuazima, akaona atafaa.

"Watoto wetu wangapi?" akamuuliza.

"Wanne. Mkubwa ni Adongo, yuko sekondari. Mdogo ni Dorca, wa nasari."

"Shamba?"

"Letu. Tumelima pamoja miaka kumi na sita."

"Safi. Na wakikuuliza kama liuzwe?"

"Nakubali."

Tumelima pamoja! Jembe lenyewe Gordon hajui linakaa kona gani ya nyumba.

Nasipwondi naye alikuwa na maswali. Nani anapanda? Nani anauza mahindi yakikauka? Karo inatoka wapi? Gordon alijibu yote, tena kwa majivuno, akidhani amepata mwanafunzi mwenye bidii. Maryanne anapanda. Maryanne anauza. Karo inatoka humo humo shambani.

"Na ploti zikiuzwa, yeye na watoto wanaenda wapi?"

"Si atarudi kwao. Lakini Mama, hiyo hawatakuuliza."

Nasipwondi akageuza mifupa kwenye mafuta. "Mimi pia mume alipokufa ndugu zake waliniambia nirudi kwetu," alisema. "Nilirudi Busia. Kwetu walinivumilia wiki mbili."

Gordon hakuwa anasikiliza. Alikuwa anamtumia Dalmas picha ya gari.

Siku ya bodi alivaa suti. Nasipwondi alivalishwa gauni jipya la kijani. Mbele ya wale wajumbe watano Gordon alimwekea mkono begani, mkono ambao Maryanne hajauona begani mwake tangu Dorca azaliwe.

Mwenyekiti alifungua faili. "Bwana Obonyo, hapa umeapa mbele ya wakili kwamba huyu ndiye mke wako, na huna mwingine. Ni kweli?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa."

"Unajua kuapa uongo ni jela?"

"Najua, mheshimiwa. Mimi ni mtu wa kanisa."

Nasipwondi akaulizwa majina ya watoto, akayataja. Akaulizwa miaka ya ndoa, akaitaja. Hakukwama hata mara moja. Gordon akaanza kutabasamu, na Dalmas, pale mlangoni, akainua kidole gumba.

"Sasa Mama, umekubali shamba liuzwe?"

"Hapana."

"Muulize tena, mheshimiwa," Gordon alisema haraka. "Hajasikia vizuri."

"Nimesikia. Nimekataa. Watoto wanne wanakula na kusoma kwa hilo shamba, na mimi ndiye nalilima. Likiisha, huyu ataniambia nirudi kwetu."

Wajumbe wakatazamana, wakatikisa vichwa. Kesi za namna hiyo walikuwa wamezizoea. "Karani, andika," mwenyekiti alisema. "Hakuna ploti itakayouzwa mpaka mama huyu, yeye mwenyewe, arudi hapa aseme amekubali."

Gordon aliruka kutoka kwenye kiti. "Mheshimiwa, huyu mwanamke si..."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Askari aliyekuwa dirishani akasogea karibu na meza.

"Si nani, Bwana Obonyo?"

Gordon alimtazama askari, akaitazama faili. Mlangoni Dalmas hakuwepo tena.

"Si mtu wa kubembelezwa, mheshimiwa," alisema. "Mke wangu ndivyo alivyo."