Bei ya Kikombe

Siku hizi kahawa nzuri hailipiwi fedha. Unatoa harufu moja, na ukishaitoa huinusi tena maishani. Aikande, mjane wa mjini Moshi, alikwisha kutoa ya mvua na ya ndizi za kuchoma.

"Bei imepanda, mama," alisema Elinami, muuzaji, akishindilia unga wa kahawa. "Sasa ni harufu ya mtu."

Foleni ilikuwa ndefu, na kahawa yake imekwisha kusagwa. Aikande akaona haya kuondoka. Akamtaja marehemu mumewe.

Mashine ikanguruma sekunde ishirini na nane. Kahawa ikachuruzika nzito kama asali.

Nyumbani alitoa kabatini shati ambalo kwa miaka mitatu hakuthubutu kulifua. Akalinusa, akalinusa tena. Kisha akaliloweka pamoja na nguo nyingine.