Mashine Inamsubiri Mtu

Saa tano na robo asubuhi, mashine kuu ya tawi, inayoendesha kompyuta zote za humo, ilikuwa bado inakataa kuzimika. Kwenye kioo chake kulikuwa na mstari mmoja tu: kuna mtumiaji ambaye hajafunga kazi yake, anasubiriwa. Pembeni sekunde zilikuwa zinahesabika, na zilishapita elfu moja na mia nane.

Saa sita kamili mafundi umeme wangekata umeme wa jengo zima. Ukikatika mashine ikiwa macho, kumbukumbu za wateja za miaka tisa zingeharibika, na lawama zote zingemwangukia fundi wa kompyuta. Walimwita Waya, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mwili wake mwembamba. Mkewe alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua.

Meneja wa tawi alikuwa amekalia kiti pekee cha chumba kile, bahasha mkononi. Ilifika asubuhi kutoka makao makuu, na juu yake imeandikwa: ifunguliwe mashine zikishazimwa.

"Kuna mtu anaondolewa leo," alisema meneja. "Jana walinidokeza kwa simu. Jina hawakutaja, ila mimi si mtoto. Bahasha inasubiri mashine zizimwe, na mtu wa mashine hapa ni nani kama si wewe?"

Waya aliujua mtindo wa makao makuu. Majina ya wafanyakazi wote yalikaa huko, kwenye orodha moja, na kila mashine iliiuliza orodha hiyo kabla ya kumfungulia mtu yeyote. Anayeachishwa kazi alifutwa jina alfajiri, barua ikamfuata baadaye. Asubuhi hiyo Waya aliingia kwenye mashine kwa ufunguo wa dharura, usiouliza jina la mtu, na hakuthubutu kulitafuta jina lake.

"Inamsubiri mtu, bosi."

"Nani? Watu wote nimewatoa nje."

"Ndiye ninayemtafuta."

"Basi fanya haraka. Na kompyuta yangu nayo uiangalie kabla hujaondoka. Barua pepe hazifunguki tangu asubuhi, neno la siri linakataliwa. Nimebaki na mchezo wangu wa karata, ambao niliufungua Jumatatu na sijaumaliza." Meneja alipiga mwayo. "Tawi haliendeshwi hivi."

Waya hakuwa na masikio ya kusikiliza mengine. Mwanzo alidhani mtandao unajizima mapema mno, na mashine inabaki inaiuliza orodha maswali yasiyo na wa kuyajibu. Aliukagua mtandao, akaukuta mzima kabisa.

Fundi umeme alichungulia mlangoni, koleo mkononi. "Tukate?"

"Thubutu," alisema Waya, bila kugeuka.

Saa sita kasoro dakika kumi aliingia ndani ya mashine kwa mlango wa nyuma, njia ya siri ambayo mafundi hujiachia, akaona kinachoendelea. Mashine ilikuwa inaiuliza orodha: huyu ni nani? Orodha inajibu kwamba haimjui. Mashine inauliza tena.

"Amefutwa," alisema Waya. "Ana namba, lakini jina hana. Limeondolewa alfajiri ya leo."

Meneja aliitazama bahasha, kisha akamtazama yeye, kwa ile huruma isiyomgharimu mtu kitu. "Pole sana, kijana wangu. Mimi nilikutetea nilivyoweza. Jikaze, hata mama watoto ataelewa." Alijiegemeza kitini. "Ni kazi gani hiyo umeiacha wazi?"

Waya alishuka mistari mitatu. Akasoma. Akafuta miwani kwa shati, akasoma tena.

"Karata, bosi."

Meneja alijipiga paja kwa kicheko. "Kumbe na wewe unacheza? Saa za kazi? Basi makao makuu hawakukosea hata kidogo, mtu wa namna hiyo aende zake."

Moyo ulimrudi Waya mahali pake. Alimwomba fundi umeme asubiri dakika mbili. Kisha akamshika meneja mkono, akamwinua kitini taratibu.

"Twende ofisini kwako ukaufunge mchezo, mzee," alisema kwa upole, "halafu uisome barua yako."