Petroli ya Coleta

Ignasi alitoa plagi ya tatu, akaipanga kwenye gunia kando ya mbili za kwanza. Zote nyeusi kama kitako cha sufuria. Akaanza kulegeza ya nne, maana hakuwa mtu wa kutoa hukumu kwa plagi tatu.

"Sema tu, fundi," alisema Flavian, mwenye gari. "Pijo hii imebeba dagaa wa Kirando miaka minne, haijakohoa hata mara moja. Jana nimejaza kwa huyu mama, leo nikisimama inatetemeka kama mgonjwa wa malaria."

"Huyu mama ana jina," alisema Coleta.

Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, mikono kifuani. Mjane wa mtaa wa Chanji, na pampu yake ya petroli ilikuwa na wiki moja tu. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye moyo anajaribu biashara. Kabla yake, petroli ya Sumbawanga ilichotwa kwenye mapipa, uani kwa watu. Sasa Flavian alikuwa amekwisha kumshtaki kwa afisa biashara kwamba anauza mafuta machafu. Afisa angefika pamponi kesho saa tatu, kumpa kibali au kuifunga, na alikwisha sema hana haja ya maneno mengi: atafuata la Ignasi.

Ignasi hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua, kuangalia na kufunga tena. Madereva kuanzia mjini hadi Matai walimwamini, pengine kwa sababu alichelewa kusema.

Alimimina petroli ya tangi la gari kwenye chupa nyeupe, akaisimamisha juani. Kama ingekuwa na maji, yangezama chini. Hayakuwepo. Akamwaga kidogo kiganjani. Ikampiga baridi, ikaruka, ngozi ikabaki kavu.

"Umeona?" aliuliza Coleta.

"Nimeona kiganja. Gari bado."

"Huyu ukimuuliza kama jua limechomoza, anaomba ngazi," alisema Flavian.

Hapo akaingia Mama Adriano, mkewe Ignasi, na kapu la chakula: ugali wa ulezi na dagaa. Aliwasalimu wote, akaitazama ile chupa, akazitazama plagi.

"Baba Adriano, mtu kajaza mafuta, gari limeumwa. Kuna la kutafuta tena? Mwambie dada wa watu ukweli wake, uje ule."

"Nikimaliza."

"Utamaliza ugali ukiwa jiwe." Akaliona dumu la Flavian kando ya gari. "Na hili mnaliacha juani, mtatulipua." Akalibeba mwenyewe, akaliweka nyuma ya pipa la vyuma chakavu, akaaga. Hakungoja vyombo.

Ignasi alisafisha plagi, akazirudisha, akawasha injini. Pijo ikatikisika hadi bisibisi ikaanguka kutoka kwenye bampa. Akainama juu ya kabureta, akaanza kufunga skrubu yake, robo mzunguko kwa robo mzunguko, sikio karibu na chuma. Kwenye robo ya tano mtikisiko ukapungua. Kwenye ya saba injini ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba.

Flavian akaikodolea macho skrubu. "Nani alikuwa ameilegeza hivyo?"

"Mimi. Miaka minne iliyopita."

Coleta akacheka, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Ignasi naye akatabasamu, bila kuona haya.

"Gari lilikuwa linazimika, nikayafungulia mafuta njia pana mpaka likakubali," alieleza. "Sikujiuliza linakunywa nini. Mafuta yaliyochanganywa na ya taa ni mazito, yanataka njia kama hiyo. Petroli safi ikipita hapo inazidi, injini inapaliwa. Mama huyu hajaharibu gari, Flavian. Kalinywesha petroli halisi, nalo halikuizoea."

"Haiwezekani. Mimi nanunua sehemu moja siku zote, mafuta mazuri. Hata dumuni yamebaki, ya wiki iliyopita."

"Lete."

Flavian akalitoa dumu nyuma ya pipa. Ignasi akamwaga kidogo kiganjani, wakasubiri wote watatu. Hayakukauka. Yaliteleza kati ya vidole, yakanuka koroboi.

"Afisa atataka kuyaona haya," alisema, akakaza kifuniko. "Kesho saa tatu nitakuwa pamponi kwako, mama, nayo. Skrubu nitaimalizia baadaye, injini ikiwa baridi."

"Na anayewauzia watu haya, utamtaja?" aliuliza Coleta. "Mimi mngenitaja."

Ignasi alilifikiria hilo kama alivyofikiria kila kitu, taratibu, huku akifuta mikono.

"Nitamtaja. Ni haki." Akamgeukia Flavian. "Ulinunua kwa nani?"

Flavian aliyekuwa akipiga kelele tangu asubuhi sasa alijikuna shingo, akatazama bakuli la dagaa lililopoa.

"Mimi nilidhani unajua, fundi," alisema. "Ananipimia Mama Adriano, asubuhi, wewe ukishatoka kuja kazini."